Saba Kamla Tisa, Sisi Tumekula Nini?

Ndugu msomaji, mwaka jana nilibeba mswada wa riwaya yangu kutoka Kitura mpaka Songea. Madaftari manne makubwa, mwandiko wa mkono, yamefungwa kwa kamba ya katani ili yasitawanyike kwenye basi. Nilikuwa nampelekea mzee mmoja ambaye sitamtaja jina, mtu anayesifika kwa kusoma vitabu na kuwasaidia vijana tunaoandika. Alikaa nao wiki tatu. Siku niliyorudi kuuchukua nilimkuta barazani kwake, miwani puani, kalamu mkononi, anajaza fumbo la maneno kwenye gazeti la Kiingereza. Akaniambia nisubiri kidogo, amebakiza neno moja tu la herufi saba. Nikasubiri. Alipolipata alijipiga goti kwa furaha kama mtu aliyefunga goli.

Kisha akanikabidhi madaftari yangu. Akasema hadithi ina mwendo, wahusika wanapumua, na mtu akisoma anaiona Umatengo na baridi yake. "Lakini kijana," akasema, "michezo ya maneno imezidi. Hiyo waachie watoto wa shule ya msingi na makonda wa daladala. Riwaya ni kitu cha akili."

Nilifungua madaftari nikiwa ndani ya basi la kurudi Mbinga. Wino mwekundu ulikuwa mwingi, lakini palipochorwa kwa hasira zaidi ni pale kwa fundi viatu. Katika riwaya yangu yupo fundi viatu anayekaa karibu na stendi ya Mbinga. Siku moja anapita mgombea na msafara wake, anatangaza kwamba yeye atafuata nyayo za waasisi wa taifa. Fundi hainui hata kichwa. Anasema: "Fuata tu, mheshimiwa. Sisi wengine ndio tunaozishona." Basi. Pembeni ya mstari huo mzee wangu aliandika neno moja: *Utoto.*

Hivi jamani, nauliza. Yule mzee pale barazani alikuwa anafanya nini kama si kucheza na maneno? Iweje mchezo wa maneno ukiwa wa Kiingereza uitwe akili, na ukiwa wa Kiswahili uitwe utoto? Hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu leo. Sina ugomvi na mzee, aliusoma mswada wangu bure na chai akanipa. Ugomvi wangu ni na fikra ile, kwa sababu nimegundua kwamba haiko kwake peke yake. Iko kwa walimu wetu, iko kwa wahariri, na tusidanganyane, iko hata kwetu sisi vijana tunaojiita waandishi.

Ngoja nianze na kisa changu mwenyewe. Nilikuwa kidato cha pili. Siku hiyo mwalimu wa Kiingereza alikuwa na furaha, akaandika ubaoni swali la mzaha: kwa nini Sita anamwogopa Saba? Akatuangalia, akacheka peke yake, akajibu: "Because seven eight nine." Darasa zima tukacheka. Tulicheka kwa sababu mwalimu alicheka. Mimi nikamgeukia jirani yangu wa dawati nikamwuliza kwa Kiswahili, "Sasa hapo kinachochekesha ni nini?" Hilo lilikuwa kosa. Pale shuleni kulikuwa na kibao chenye kamba, ukikamatwa umesema Kiswahili unavishwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwenzako akisema Kiswahili umvishe yeye. Nilikivaa kibao mpaka jioni kwa sababu ya kutaka kuelewa mzaha.

Mzaha wenyewe nilikuja kuuelewa baada ya miaka miwili. Nilikuwa nimeshamaliza mtihani wa kidato cha nne, nipo shambani nachuma kahawa na bibi yangu, mwezi wa saba, baridi kali. Ghafla, bila kufikiri, likanijia: "eight", yaani nane, hutamkwa sawasawa na "ate", yaani alikula. Kumbe Saba kamla Tisa! Ndiyo maana Sita anaogopa, atakuwa kitoweo kinachofuata. Nilicheka mpaka buni zikanidondoka mkononi. Bibi akasimama. "Mjukuu wangu, unacheka na nani?"

Nikamweleza. Ilinichukua muda, maana bibi Kiingereza chake kinaishia kwenye "gudimoni". Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kumbe na wao wana vitendawili." Halafu akaendelea kuchuma. Baada ya hatua mbili tatu akanitegea: "Binti yangu akivaa nyekundu, ndiyo siku anaondoka nyumbani." Nikashindwa. Akanipandishia mkono wenye punje iliyoiva, nyekundu, ndiyo kwanza ameitoa kwenye tawi. Kahawa! Nilikuwa nimesimama katikati ya jibu.

Nasema hivi: bibi yangu kwa sentensi moja alielewa jambo ambalo miaka minne ya sekondari haikunifundisha. *Na wao wana vitendawili.* Kiingereza si dawa, si uganga, si cheo. Ni lugha ya watu, na watu hao huichezea tangu wanapoamka mpaka wanapolala. Tukiiona hivyo tutajifunza vizuri zaidi, na tutaacha kuidharau ya kwetu.

Hebu tuitazame michezo yao kwa macho makavu. Wingi wa mizaha yao unatokana na jambo moja: kuandika kwao na kutamka kwao ni vitu viwili visivyoonana. William Caxton alileta mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476. Tahajia nyingi zikaanza kuganda kwenye vitabu, huku midomo ya watu ikaendelea na safari yake. Zamani K ya "knight" ilitamkwa kweli. Leo imebaki kwenye karatasi kama jiwe la kaburi, na neno lenyewe linasikika sawa na "night", usiku. Ndivyo ilivyo "son" na "sun", mwana na jua. Ndivyo "flour" na "flower", unga na ua. Kwa hiyo Mwingereza ana maghala ya maneno yanayosikika sawa, na yeye huchota humo bila kuchoka: katika vichwa vya habari, katika majina ya saluni, katika matangazo ya biashara, katika barua za mapenzi.

Tena kwa kuwa herufi zao hazitabiriki, wakazifanya herufi zenyewe kuwa mchezo. Chukua "listen", sikiliza. Zipange upya herufi zake zilezile, unapata "silent", kimya. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alitoa fumbo lake la maneno la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na ndilo babu wa lile lililomfurahisha mzee wangu barazani. Alfred Butts, Mmarekani msanifu wa majengo, alipoteza kazi wakati uchumi ulipoanguka miaka ya 1930. Akiwa hana kazi, alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ili ajue ipi hutumika sana na ipi hutumika kidogo. Kutokana na hesabu ile ukazaliwa mchezo ambao tangu 1948 unaitwa Scrabble. Mtu hana kazi, ana gazeti la jana na penseli. Ndugu msomaji, je, hali hiyo huijui? Mimi naijua vizuri sana.

Niliwahi kuushika mchezo huo, kwa padri mmoja. Vipande mia moja. E ziko kumi na mbili. K iko moja tu! Moja! Ukitaka kuandika "kaka" lazima ukope kipande kitupu kisicho na herufi. Z nayo moja, na inalipa pointi kumi kwa sababu kwao ni adimu, wakati kwetu "zawadi za wazazi" imeshamaliza sanduku. Halafu kuna Q na X ambazo Kiswahili hakina kazi nazo. Niliporudi nyumbani nilifanya kama Butts: nikachukua ukurasa wa gazeti la Kiswahili lililofungia maandazi, nikahesabu. A ilizishinda zote kwa mbali. Mimi na wenzangu wawili tukakata maboksi ya sabuni tukatengeneza vipande vyetu, K za kutosha, W za kutosha, A tele. Tulicheza mpaka taa ikaisha mafuta. Hakuna aliyetuzuia, na hakuna aliyetuvisha kibao.

Sasa nirudi kwenye lile neno *utoto*. Wanaosema kuchezea maneno ni utoto, basi waanze na Shakespeare. Tamthilia ya Julius Caesar, ya mwaka 1599, haianzi na mfalme wala na jemadari. Inaanza barabarani, na anayetawala maneno pale ni fundi viatu! Wakubwa wanamhoji kazi yake, naye anawazungusha kwa neno moja: "sole", soli ya kiatu, na "soul", roho, kwa Kiingereza husikika sawa. Wakubwa wakasirike, fundi anaendelea kutengeneza "roho" mbovu. Katika Romeo na Juliet, Mercutio amechomwa upanga, anakufa, na bado anachezea neno "grave", ambalo ni kaburi na pia ni mtu makini asiye na utani. Huo nao ni utoto? Mtu anayetania kifo chake mwenyewe ni mtoto?

Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, akaisahihisha ikatoka tena 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Rais wa nchi! Mwaka huohuo 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Sasa yeyote anayeileta ile sehemu ya fundi viatu katika Kiswahili anakutana na ukuta: soli na roho kwetu hazifanani hata kidogo. Mchezo wa maneno hauhamishiki kama gunia la mahindi. Aliyekwama ana njia moja ya heshima: atafute katika lugha yake mwenyewe neno lenye sura mbili. Na sisi tunalo. Nyayo! Nyayo za miguu na nyayo za kufuata wakubwa. Mimi wakati naandika mstari wa fundi wangu wa Mbinga nilikuwa sijawahi kumsikia fundi wa Shakespeare. Nilipokuja kumkuta baadaye nilisimama chumbani peke yangu nikapiga makofi. Fundi viatu wa Roma na fundi viatu wa stendi ya Mbinga wamekaa benchi moja, wote wanawasema wakubwa bila kukamatika. Na wangu kaandikiwa *Utoto* kwa wino mwekundu.

Nataka nieleweke. Sipigi vita Kiingereza. Ninachopinga ni kupewa Kiingereza kisicho na mchezo, mifupa bila nyama. Chukulieni mfano wa Nigel Richards, mtu wa New Zealand. Mwaka 2015 alikwenda Ubelgiji akawa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakisemi! Alikariri orodha ya maneno kwa wiki chache tu, sura za maneno bila maana zake. Mwaka 2024 akafanya vilevile kwa Kihispania, huko Granada. Ni mtu wa ajabu, namvulia kofia. Lakini nilipozisoma habari zake nilishtuka, kwa sababu nilijiona mimi. Sisi sote wa sekondari za vijijini tulikuwa Nigel Richards, isipokuwa yeye alipata kombe na sisi tulipata divisheni ziro. Tulikariri "photosynthesis" na "imperialism" kwa mpangilio wa herufi, tukazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, tukatoka nje tukiwa hatuna uwezo wa kuelewa mzaha wa namba tatu.

Na kwamba Mwafrika hawezi mchezo huo, mtu asiniambie. Mwaka huohuo 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Kwa hiyo si damu. Ni nafasi ya kucheza.

Nafasi hiyo tumenyimwa kwa miaka mingi. Tume ya Makweta mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari, Serikali ikakataa. Mwalimu mwenyewe katika miaka ya 1980 alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikaandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Mimi nilifanya mtihani wangu baada ya sera hiyo, na karibu kila karatasi niliyoletewa ilikuwa ya Kiingereza. Haya, tuseme ni Kiswahili cha dunia. Sawa. Basi kichezwe kama kinavyochezwa Kiswahili cha nyumbani! Mtoto hajifunzi lugha kwa kuvishwa kibao. Mtoto wa Kitura alijifunza Kimatengo kwa kutegewa vitendawili jikoni, akajifunza Kiswahili kwa kutaniwa na wenzake njiani kwenda kisimani. Lugha ya tatu kwa nini aipokee kwa woga?

Halafu tuangalie utajiri tulio nao wenyewe. Kiswahili hakina maghala ya Kiingereza ya maneno yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti, maana sisi tunaandika kama tunavyotamka. Lakini neno letu moja laweza kubeba mizigo minne. Paa: juu ya nyumba, mnyama wa porini, kwenda angani, kuondoa magamba ya samaki. Kaa: wa baharini, la moto, na kitako. Barabara: ukiinua sauti mahali pengine, njia inageuka kuwa sawasawa. Nani alisema lugha hii ni kavu?

Na kwa kuwa lugha yetu inatembea kwa silabi, watoto wa pwani tangu zamani walibuni kinyume: silabi ya mwisho unaileta mbele. Kitabu kinakuwa *bukita*, mwalimu anakuwa *mumwali*. Wakubwa wakipita hawaambulii kitu. Sisi huku bara tuliupokea mchezo huo shuleni, na siku moja nikiwa kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya Umatengo yanayozuia udongo usiporomoke mlimani, nilikuwa nacheza kinyume kichwani ili jembe lisiwe zito. Nikachukua neno *lima*. Geuza: *mali*. Nikasimama. Nikachukua *wali*. Geuza: *liwa*. Nikaanza kucheka. Nikachukua neno ambalo kila aliyemaliza kidato cha nne analijua kwa machungu, *kazi*. Geuza: *zika*. Sikucheka tena. Babu yangu alilima akapata mali ya kumsomesha baba. Mimi kazi niliyoizungukia Songea na Makambako, kila ofisi imeizika. Hicho kilio cha kijana wa leo nimekipata katika silabi nne. Ningehitaji kurasa ngapi za "riwaya ya akili" kukisema?

Tuje mitaani, huko wanakodharauliwa makonda. Mchuuzi mmoja huleta usipa huku kwetu kutoka Mbamba Bay, dagaa wale wa Ziwa Nyasa. Wanaotaka kukopa huwaambia: "Usiponipa, usipa hupati." Watu wanacheka, na deni hakuna aliyelitaja tena. Huo ndio utumizi wa kila siku wa mchezo wa maneno: kumkatalia mtu bila kumwaibisha. Baada ya uhuru wananchi waliwatazama wakubwa wenye magari ya Benz, wakachukua kiambishi kile kile cha Wangoni na Wamatengo, wakatangaza kabila jipya: Wabenzi. Hakuna hotuba iliyowahi kuwapata vizuri namna ile. Mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza, ukiitwa kwa herufi za Kiingereza UPE, na walimu wakaandaliwa harakaharaka, mtaa ukazifungua herufi zile upya: Ualimu Pasipo Elimu. Herufi tatu za wakubwa zikageuzwa kuwa hukumu. Na nchi hii tunayoiita Bongo, jina hilo limetoka wapi kama si kwenye mzaha kwamba bila ubongo mjini huishi?

Na hapa nawaambia walimu jambo ambalo hawatalipenda. Mwanafunzi wenu anapoandika kwenye simu "m2" akimaanisha mtu, au "cjui" akimaanisha sijui, mnasema anaua lugha. Hebu tulieni. Ili "m2" isomeke mtu, lazima ujue kwamba mbili kwa Kiingereza hutamkwa *tu*. Ili "cjui" isomeke, lazima ujue Mwingereza herufi C huiita *si*. Mtoto huyo amechukua sauti ya namba ya Kiingereza akaijaza maana ya Kiswahili. Ndicho hasa alichofanya Saba alipomla Tisa! Mzaha ambao mimi ulinichukua miaka miwili na kibao shingoni, mdogo wangu anautengeneza kwa dole gumba huku anatafuna muhogo. Simwambii aandike hivyo kwenye mtihani. Nawaambieni ninyi kwamba hapo ndipo Kiingereza kimeingia kwake kama chake, na ninyi ndipo mnapomchapa.

Lakini vijana wenzangu wa kalamu, msishangilie mapema. Na ninyi nina neno nanyi. Wengi wetu tukiandika, msichana wa hadithi lazima aseme "oh my God" akiumia na "I love you" akipendwa, hata kama kazaliwa Litembo na hajatoka. Hatuchezi na Kiingereza hapo. Tunakivaa, kama mtu anavyovaa koti la mtumba lenye jina la timu asiyoijua. Kucheza kuna sharti. Kitendawili kisicho na jibu ni uongo. Fumbo ambalo hata mwenyewe hulifumbui ni makelele. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliwafumba watawala wa zama zake kwa mashairi, na wahusika walikuwa wanajua wameguswa wapi. Ukichezea neno, lazima pande zake mbili ziume. Ikiwa upande mmoja hauna meno, futa. Nami nakiri: kati ya yale yaliyochorwa na wino mwekundu katika madaftari yangu, kama nusu yalistahili. Niliyachezea kwa kujionyesha. Nimeyafuta.

Fundi viatu sikumfuta. Nimemwongezea ukurasa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na ninayaomba kwa waandishi chipukizi, maana wakubwa wana shughuli zao. Kwanza, mkijifunza Kiingereza, jifunzeni na mizaha yake. Ukielewa kwa nini watu wanacheka, umeingia ndani ya nyumba, huko nyuma ulikuwa uani. Pili, kabla bibi zetu hawajaondoka, kaeni nao jioni mkusanye vitendawili vyao, kwa Kimatengo, kwa Kinyasa, kwa Kingoni, kwa lugha yoyote ya jikoni kwenu, muandike na siku mliyotegewa. Tatu, msikubali mtu awaambie kwamba akili ina lugha moja na utoto una lugha nyingine.

Nitarudi Songea mvua zikipungua. Nitampelekea mzee wangu mswada uliosafishwa, na nitabeba pia vipande vyetu vya maboksi ya sabuni. Nitamwomba aweke gazeti pembeni, tucheze mchezo mmoja tu, kwa Kiswahili, hapo barazani. Nikishindwa, nitampa mji, tena nitampa Kitura nzima na kahawa yake. Akishindwa yeye, sitaki mji. Nataka afute lile neno kwa mkono wake mwenyewe.

Kitendawili!